Baba Yu Hai, na Tayari Tunagombania Kaburi Lake

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Ninakuandikia kutoka Nyakato, hapa Mwanza, nikiwa mtoto wa kwanza wa baba ambaye bado yu hai, anakunywa uji wake kila asubuhi na kuuliza dagaa wameuzwaje soko la Mwaloni, ilhali sisi watoto wake na ndugu zake tumeshaanza kugombania mahali pa kumzika na namna ya kumzika. Naona aibu kuandika maneno haya, lakini nisipoyatoa mapema naogopa tutakuja kuyatoa mbele ya maiti yake, watu wakisikia.

Baba ana umri wa miaka 78. Alizaliwa wilayani Magu katika familia ya wafugaji ambao hawakuwa Wakristo wala Waislamu. Walimjua Mungu kwa namna ya wazee na waliwaheshimu marehemu wa ukoo, wale ambao sisi Wasukuma tunawaita masamva. Alimwoa mama yangu, Mkatoliki, na ingawa yeye mwenyewe hakubatizwa, aliridhia sisi sote tubatizwe, na kila Jumamosi jioni ndiye aliyekuwa akitupigia viatu rangi ili twende kanisani tukiwa nadhifu. Mama alifariki mwaka 1998, akazikwa kwa misa. Miaka kadhaa baadaye baba alisilimu, akafunga ndoa ya Kiislamu na mama mdogo, mwenyeji wa Ujiji, na Mungu akawajalia wadogo zetu wawili ambao wamelelewa katika Uislamu. Tangu hapo baba anaswali na anafunga, na hajapata kututaka tubadili dini. Mimi nimebaki Mkatoliki. Mdogo wangu wa kiume anayenifuata alijiunga na Wasabato akiwa chuoni, na sasa anaishi Dar es Salaam. Kwa miaka yote hiyo tumeketi sinia moja bila neno.

Neno limeingia baada ya figo za baba kushindwa kazi, ikawa lazima apelekwe hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki kijijini, alikuja kumjulia hali, na alipotoka chumbani alituita uani akatuambia kwamba mahali pameshaandaliwa katika zizi la zamani, kando ya kaburi la babu. Kwamba siku ikifika tumpeleke Magu, tumsubiri kila mtu wa ukoo afike hata kama ni siku nne, achinjwe ng'ombe mweusi na mzee afunikwe ngozi yake kama walivyozikwa baba zake. Na kwamba baada ya matanga mama mdogo "atatunzwa na ukoo," maneno ambayo kila aliyekuwapo aliyaelewa. Aliongeza kwamba tukimzika mjini kama mgeni, tusije tukashangaa watoto wetu wakianza kuugua.

Mama mdogo alilia siku hiyo nzima. Yeye anasema mumewe ni Muislamu, kwa hiyo ataoshwa, atavikwa sanda, ataswaliwa na kuzikwa siku hiyo hiyo katika makaburi ya Waislamu, na hakuna ngozi ya ng'ombe itakayomgusa. Mdogo wangu wa Dar es Salaam anasema kwenye simu kwamba hatakanyaga mahali wanapoombewa wafu wala wanapotambikiwa, awe ni sheikh, padri au mganga. Na mimi, niseme ukweli, moyoni ninatamani baba aombewe misa kama mama, na ninaumia nikifikiri kwamba kwa kuwa mimi ni mwanamke na si Muislamu sitamwona wala kumtupia udongo baba aliyenilea.

Baba mwenyewe anasema mambo mawili. Sheikh wa mtaani alipomtembelea, alimwambia, "Mnizike kama Waislamu wenzenu." Baba mdogo naye anaapa kwamba aliambiwa, "Usiniache mjini." Hatujui lipi ni la kweli, na hakuna anayethubutu kumuuliza, kwa kuwa kumzungumzia mtu mazishi yake akiwa hai ni uchuro. Je, nani mwenye haki juu ya jambo hili? Na mimi nifanye nini?

Mtoto wa Kwanza, Nyakato

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kumuuguza baba. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimekutana na pengo lile lile: kila mtu katika familia yenu anajua baba anataka nini, lakini hapana hata mmoja aliyeketi naye, wengine wakiwapo, akamuuliza. Ushauri wangu wote unasimama juu ya hilo. Mwulizeni mzee mwenyewe, mwulizeni sasa wakati akili yake ni timamu, na majibu yake yaandikwe.

Hofu ya uchuro siichukulii kwa wepesi, kwa sababu nimezaliwa na kukulia katika mwambao huu na najua jinsi neno lililotamkwa ovyo linavyoweza kumwondolea mgonjwa nguvu. Hata hivyo kuusia hakukuwahi kuwa uchuro, si kwa Waislamu, si kwa Wakristo, wala si kwa wazee wa Kisukuma. Mtume Muhammad alifundisha, kwa riwaya ya Ibn Umar, kwamba haifai kwa Muislamu aliye na kitu cha kuusia alale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 47, Yakobo anamwapisha mwanawe Yusufu asimzike Misri, na katika sura ya 49 anawaagiza wanawe wote pango watakalomlaza, la Makpela, walimolazwa Ibrahimu na Sara. Mdogo wako Msabato anakijua kisa hicho, na wadogo zako Waislamu wanamheshimu mzee huyo huyo kama Nabii Yaakub. Na baba mdogo wako, ukimwuliza kwa adabu, atakuambia kwamba mzee wa boma asiyewausia watoto wake ni mzee aliyewatupa. Uchuro ni kuzungumzia kifo chake mlangoni, yeye akiwa hasikii, na hilo ndilo mlilolifanya pale uani.

Sisi wa kanda hii tumeona namna watu wanavyozikwa pale ambapo haiwezekani kuwauliza. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, wapo waliozikwa Igoma bila majina yao kujulikana, na MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wapo waliozikwa pale kisiwani kwa njia ile tu ambayo hali iliruhusu. Viongozi wa dini na serikali walifanya walichoweza kwa heshima. Lakini familia zile zingetoa kila kitu ili zipate hata robo saa ya kumsikia mtu wao akisema anataka nini, na robo saa hiyo ninyi mnayo kila asubuhi wakati wa uji.

Familia inayoiacha nafasi hiyo ipite inaweza kufika mbali kuliko inavyodhani. Nchini Kenya, wakili S. M. Otieno, Mjaluo aliyekuwa akiishi Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, ambaye alikuwa Mkikuyu, alisema mumewe alitaka kuzikwa karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Maandishi ya marehemu hayakuwapo, yalikuwapo maneno ya huyu na ya yule. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na maiti ikazikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987, baada ya kukaa mochwari miezi mitano. Sikuelezi haya ili nikutishe. Ninataka baba mdogo na mama mdogo wayasikie wote wawili, kwa sababu kila mmoja wao anaamini kwamba haki yake iko wazi mno kiasi kwamba haihitaji karatasi.

Sasa tuyatazame maneno mawili ya baba. Kwa sheikh alisema azikwe kama Waislamu, na kwa ndugu yake alisema asiachwe mjini. Mmeyachukua kama maneno yanayopingana, mkaanza kutafuta nani kasema uongo. Mimi siyaoni hivyo. La kwanza linahusu namna ya kuzikwa, la pili linahusu mahali. Mtu anaweza kuoshwa, kuvikwa sanda na kuswaliwa kama Muislamu, kisha akazikwa Magu, ambako si mbali, ni mwendo wa saa moja na kitu kwa barabara ya Musoma. Inawezekana kabisa kwamba mzee wenu ameshapatanisha jambo hili kichwani mwake siku nyingi, na anashangaa kwa nini hamumwulizi. Akithibitisha hivyo, mtakuwa mmebaki na mambo madogo ya kupanga na sheikh, na mojawapo si dogo sana: kwa mafundisho yao, Muislamu hazikwi katikati ya makaburi ya wasio Waislamu, kwa hiyo sheikh huenda asikubali kaburi la bega kwa bega na la babu ndani ya zizi. Mnaweza kutafuta sehemu iliyotengwa katika ardhi hiyo hiyo ya ukoo, au makaburi ya Waislamu ya huko huko Magu. Kaburi pia litachimbwa kwa kufuata kibla, yaani upande wa Makka, ambao kwetu ni kaskazini ikielemea kidogo mashariki, wala si kwa kufuata mstari wa makaburi mengine. Baba mdogo aelezwe hili kabla hajashika jembe, ili asione kwamba mzee amegeuzwa upande kwa dharau.

Nakuomba umweleze pia, wewe mwenyewe na kwa sauti ya mtoto, mambo ambayo Waislamu watamfanyia ndugu yake, kwa sababu nadhani anachokiogopa ni kwamba mzee atafukiwa upesi kama mtu asiye na watu. Sivyo. Maiti hulazwa juu ya kitanda cha kuoshea, ikiwa imesitiriwa nguo kutoka kitovuni hadi magotini, na hata waoshaji hawaruhusiwi kuutazama utupu wake. Mikono yao huvishwa kitambaa. Tumbo hubonyezwa taratibu, kisha husafishwa na kutiwa udhu, halafu maji humiminwa kuanzia upande wa kulia, mara tatu au zaidi kwa idadi ya witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, ya kwanza yakiwa na majani ya mkunazi na ya mwisho yakiwa na kafuri. Mwanamume hukatiwa sanda tatu nyeupe, hutandikwa moja juu ya nyingine na kufukizwa udi, naye huzungushiwa moja baada ya nyingine, kisha hufungwa vitambaa kichwani, kiunoni na miguuni, vitambaa ambavyo hufunguliwa akishalazwa kaburini kwa ubavu wa kulia. Waoshaji hukatazwa kusimulia lolote baya waliloliona mwilini mwake. Mzee yeyote wa Magu akiisikia habari hii yote kwa utulivu atatambua heshima iliyomo.

Jambo la haraka ndilo litakaloumiza zaidi, na hapa inafaa kila upande ufahamu mwenzake anaamini nini kinampata marehemu wakati huo. Kwa Muislamu, kuharakisha jeneza ni wema kwa maiti, maana Mtume alisema kwamba akiwa mtu mwema mnampeleka kwenye kheri. Kwa mzee wa Kisukuma, marehemu hajaondoka, anaendelea kuwa mtu wa boma, na kumzika kabla ukoo haujakusanyika ni kumfanya aanze maisha yake mapya akiwa na kinyongo. Mmoja anaharakisha kwa upendo, mwingine anasubiri kwa upendo, kisha kila mmoja anamwona mwenzake hana huruma. Siku nne hazitapatikana, na ni vizuri baba mdogo aambiwe hivyo waziwazi na baba mwenyewe. Lakini saa kadhaa za kumngoja mtoto anayekuja kwa ndege kutoka Dar es Salaam ni jambo ambalo masheikh wengi hulikubali, hasa ikiwa kifo kimetokea usiku. Na ukoo usiowahi kaburi hautanyimwa matanga. Waje siku wanayoweza, wakae chini ya miembe, wamlilie na kumsimulia ndugu yao kwa muda wote wanaoutaka.

Ngozi ya ng'ombe haiwezekani kwa Muislamu, na hapo usimpe baba mdogo matumaini ya uongo. Ng'ombe mwenyewe anawezekana, mradi achinjwe na Muislamu kwa jina la Mungu ili awe chakula cha waombolezaji, si sadaka kwa masamva. Akichinjwa hivyo watu wote wa familia yenu wataweza kumla. Ningependa hata hivyo gharama hiyo isitoke kwa mama mdogo. Jaafar bin Abi Talib, binamu wa Mtume, alipouawa, Mtume aliwaagiza watu waipikie familia ya Jaafar, kwa kuwa limewafika jambo la kuwashughulisha. Na kwetu huku, nimeona kwa uchungu familia nyingi zikiuza ng'ombe wa mwisho na kukopa pesa ili kulisha watu walioletwa na msiba. Majirani ndio wapike. Daftari la rambirambi lishikwe na mtu mmoja mnayemwamini, na kitakachobaki apewe mjane.

Kuhusu tishio la watoto kuugua, usimjibu kwa kejeli wala usimpeleke mbele ya padri kumwaibisha. Mwambie baba amtamkie ndugu yake kwa kinywa chake kwamba hivi ndivyo alivyotaka na kwamba hana kinyongo na mtu. Anayeamini kwamba wafu huwa na hasira ataamini pia kwamba mfu aliyeridhika akiwa hai hana sababu ya kukasirika, na sidhani kuna hoja nyingine itakayompa baba mdogo usingizi kama hiyo.

Sasa wewe mwenyewe, mwanangu. Umeandika kwamba hutamwona baba. Utamwona. Kabla sanda haijafungwa, uso huachwa wazi ili jamaa wamtazame, na mwombe mama mdogo aweke hilo wazi kwa waoshaji ili usije ukaitwa mambo yameshakwisha. Baba yake Jabir bin Abdillah, mmoja wa masahaba wa Mtume, alipouawa vitani, Jabir alikuwa akimfunua uso na kulia, watu wakamkataza, wala Mtume hakumkataza. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika. Kinachokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Makaburini, ni kweli kwamba katika misikiti mingi ya kwetu wanawake hawaendi siku ya kuzika, na sitakushauri ushindane siku hiyo. Nenda siku nyingine, ukiwa na wadogo zako, ukae kando ya baba kadiri unavyotaka.

Misa pia hujanyimwa, ila itabidi uielewe vizuri. Misa ya mazishi, maiti ikiwa kanisani, haitakuwapo, kwa sababu baba yako si mbatizwa na amechagua dini nyingine kwa hiari yake, na kumpeleka kanisani akiwa hawezi kukataa kungekuwa dhuluma. Lakini Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 901, zinampa padri uhuru wa kutoa misa kwa nia ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Nenda parokiani kwako, andikisha nia, taja jina la baba, na kila tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, mwombee pamoja na mama. Usilifanye jambo hilo nyumbani kwa mama mdogo, na usilifanye kwa siri kama kosa. Mwambie baba. Mzee aliyekupigia viatu rangi uende kanisani hatachukia ukimwombea huko huko kanisani.

Mdogo wako Msabato ndiye niliyemfikiria kwa muda mrefu, kwa kuwa msimamo wake umeonekana kwenu kama ukaidi. Wasabato wanaamini, kwa kufuata Mhubiri 9:5, kwamba wafu hawajui neno lolote. Wamelala mpaka siku ya ufufuo, hawako toharani, hawako barzakhi wanakosubiria Waislamu waliokufa, wala hawazunguki zizini. Mtu anayeamini hivyo hawezi kuitikia dua ya kumwombea maiti bila kujidanganya, na hatupaswi kumlazimisha. Lakini kuzika si kuombea. Anaweza kulipia usafiri, kumpokea kila mgeni, kubeba jeneza ikiwa sheikh ataridhia, na kusimama pembeni kimya wakati wa swala, ambayo ni fupi, watu wakiwa wamesimama tu bila kurukuu wala kusujudu. Mwambie kwamba jeneza la Myahudi lilipopita, Mtume alisimama, na alipoambiwa ni la Myahudi aliuliza, "Kwani si nafsi?" Waislamu walisimama kwa ajili ya mtu wa dini nyingine, naye anaweza kusimama kwa ajili ya baba yake. Ikitokea kifo kikawa Ijumaa usiku na mazishi yakawa Jumamosi, azungumze na mchungaji wake mapema juu ya Sabato, si asubuhi ile ya msiba.

Nimeliacha nyuma jambo la mama mdogo, nalo ndilo lililonikasirisha. Kule "kutunzwa na ukoo" kunakomaanisha kurithiwa na shemeji, kumekataliwa pande zote. Kurani, sura ya 4 aya ya 19, inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema kwamba mjane yuko huru kuishi popote apendapo, na yuko huru kubaki bila mume au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Yeye kama Muislamu atakaa eda, kipindi cha mjane kungoja, miezi minne na siku kumi, na atakaa nyumbani kwake, si Magu. Waambieni ukoo mapema, wasije wakatafsiri kutokuwapo kwake kwenye matanga marefu kuwa ni kiburi. Wala asilazimishwe kunyolewa nywele, kwa kuwa dini yake imemkataza kunyoa kwa ajili ya msiba. Ninakutegemea wewe kwa hili, kwa sababu neno la mtoto wa kwanza wa nyumba kubwa likimtetea mke mdogo lina uzito ambao machozi yake mwenyewe hayatakuwa nao.

Na kama mnaandika, msiandike habari ya kaburi peke yake. Kwa sheria ya Kiislamu asiye Muislamu hamrithi Muislamu, maana yake wewe na mdogo wako wa Dar es Salaam hamtakuwa warithi wa baba yenu, ingawa yeye anaweza kuwausia chochote kisichozidi theluthi moja ya mali yake, na anaweza pia kuwapa zawadi akiwa hai. Mke wa baba atapata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Ukoo ukishinda hoja kwamba mzee aliishi kimila, mambo hugeuka: Sheria za Mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinasema mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake, na wajane wawili wa Kisukuma wa Shinyanga waliozipinga walifika mpaka Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba haki zao zimevunjwa. Mahakama zetu huangalia namna marehemu alivyoishi ili kuamua sheria ipi itumike. Mzee aseme mwenyewe anaishi kwa sheria ipi, na wosia huo unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Chagueni siku ambayo hajatoka kusafishwa damu, kwa kuwa siku hiyo huwa amechoka. Aitwe baba mdogo, aitwe sheikh, aketi mama mdogo na wadogo zako, na mdogo wako wa Dar es Salaam apande ndege aje, asishiriki kwa simu. Maneno ya kwanza yasitoke kwako wala kwa mama mdogo. Mwombe baba mdogo ndiye aanze, kwa sababu ni mkubwa wa ukoo na ndiye anayehofia kupuuzwa zaidi kuliko wote. Amwulize ndugu yake kwa Kisukuma, "Unatuachia maagizo gani?" kisha wote mnyamaze mpaka mzee amalize, hata kama atanyamaza kwanza kwa muda mrefu. Mtu asiye wa familia aandike, baba atie sahihi au dole gumba, mashahidi watie sahihi zao, na nakala moja aende nayo baba mdogo Magu siku hiyo hiyo.